Spana Kabla ya Bampa

Chukua pikipiki ya kazi, inayotoka Moshi mjini kila siku kupanda Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, Mwika na Rombo. Pikipiki ya namna hiyo ikitoka dukani haikai siku nyingi kabla haijaongezwa kitu. Mwenyewe huipeleka kwa fundi wa kuchomelea, ikafungwa bampa la chuma mbele ya injini, keria ndefu nyuma, taa mbili za ziada na raba ya kuzuia tope. Fedha hiyo hutolewa bila kunung'unika, kwa kuwa anayeitoa anaamini anajikinga. Lakini rudi kwa mtu huyohuyo baada ya miezi sita, umuulize ni lini alifungua habu ya nyuma akatazama brekishuu, au ni lini alipima ulegevu wa cheni, na mara nyingi atakwambia hayo ni ya fundi. Mimi nasema kinga ya kwanza ya dereva wa pikipiki na abiria wake, katika mji huu na miteremko yake, ni matunzo anayoyafanya dereva mwenyewe kwa mikono yake. Chuma chochote kinachoongezwa baada ya hapo kipimwe kwanza kwamba kinamlinda nani, na katika ajali ya namna gani.

Tuanze na mlima wenyewe, Kilimanjaro, maana ndio unaoifanya pikipiki ya huku iwe na shida zisizojulikana Dodoma wala Dar es Salaam. Moshi mjini ipo mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lango la Marangu, wanakopelekwa wapagazi na waongoza watalii pamoja na mizigo yao, limezidi mita 1,800. Anayetoka langoni kurudi mjini anashuka karibu mita 1,000. Chukua pikipiki ya kawaida ya cc 100 au 125, yenye uzito wa kilo 110 hivi, umpandishe dereva na abiria mmoja, jumla inakaribia kilo 250. Uzito huo ukiteremka mita 1,000, nguvu inayolazimika kumalizwa njiani inatosha kuchemsha lita saba za maji, kutoka ubaridi wa bombani hadi kutokota. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na tairi, sehemu huchukuliwa na injini iwapo gia imo, na inayobaki huishia yote kwenye breki mbili ndogo. Kwa pikipiki nyingi za kazi breki hizo ni za ngoma, maana yake ni brekishuu mbili zinazojitanua ndani ya habu na kuisugua. Ngoma imefunikwa, kwa hiyo joto lake hutoka polepole. Ikipata moto kupita kiasi, brekishuu hazishiki tena. Dereva anakanyaga pedali, inakwenda chini kama kawaida, lakini chombo hakipunguzi mwendo.

Hapo ndipo tabia ya kushuka na nyutro inapoleta maafa. Kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, au kutoka Kibosho kuja mjini, wapo madereva wanaotoa gia, na wengine huzima injini kabisa, chombo kikaserereka kwa uzito wake. Hoja yao ni petroli, na si hoja ya kudharauliwa, kwa sababu mtu anayehesabu faida yake kwa shilingi mia mia ana haki ya kuchunga kila tone. Lakini tuipime hoja yenyewe. Injini ndogo ikiwa imefungwa mafuta, yaani mkono umerudishwa wote, hunywa petroli kidogo sana, karibu na ile inayokunywa ikiwa imesimama inanguruma kijiweni. Hata ukishuka nusu saa nzima, unachookoa kwa kuizima hakifiki robo lita. Badala yake umeihamishia breki kazi yote ambayo injini ingekusaidia, umemaliza brekishuu kabla ya wakati wake, na kama ni usiku huenda umezima na taa ya mbele, kwa sababu katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye mzunguko wa injini. Na likitokea la kutokea, mbuzi amekatiza au gari limehama upande wake, huna nguvu ya kukutoa pale ulipo. Gia ya pili au ya tatu, injini ikivuma, breki ikiguswa na kuachwa, ikiguswa na kuachwa: hivyo ndivyo mteremko unavyoshukwa, na hakuna bampa linaloweza kuchukua nafasi ya hilo.

Breki hizi zinaweza kutunzwa bila kufika gereji. Nyuma, mwishoni mwa fimbo inayotoka kwenye pedali, ipo nati ndogo ya kurekebishia ambayo unaizungusha kwa vidole. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Linatakiwa kuzunguka bila kukwaruzwa, na pedali ikishuka sentimita mbili au tatu hivi liwe limeshaanza kushikwa. Kama nati imefika mwisho wa uzi wake na pedali bado inazama, au kialama kilichopo kwenye mkono wa breki kimevuka mstari uliochorwa kwenye kifuniko cha habu, ujue brekishuu zimekwisha. Kuendelea kukaza nati hapo ni kujidanganya. Ukifungua habu, lile vumbi jeusi lililomo ndani lifute kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu baadhi ya brekishuu za bei ya chini hutengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto hudhuru mapafu kwa miaka mingi baada ya kuvutwa. Breki ya mbele nayo isisahauliwe. Wapo wanaoilegeza makusudi wakihofia kupinduka. Hofu hiyo ina msingi kwenye tope jekundu la njia za vijijini, ambako gurudumu la mbele likifungwa tu umeshaanguka. Lakini kwenye lami kavu, pikipiki inapofunga breki uzito mwingi husogea mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kuisimamisha. Aliyeilegeza ameacha nusu ya breki zake, au zaidi ya nusu, nyumbani.

Baada ya breki inafuata cheni, na hapa udongo wetu una neno lake. Miteremko hii ina udongo wa volkano, mwekundu, unaoganda kila unapogusa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Ukishakauka unakuwa vumbi laini, na ukiteremka upande wa Kahe na mashamba ya miwa ya TPC ni vumbi tupu. Wengi huipaka cheni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa sababu haina gharama. Nakubali kwamba cheni yenye oili chafu ina nafuu kuliko cheni kavu. Kasoro ni kwamba oili ile imebeba masizi na chembe za chuma, tena hupakwa juu ya tope la jana, na mchanganyiko huo ukizunguka siku nzima husaga pini za cheni na meno ya sproketi kwa pamoja. Mswaki uliochakaa, mafuta ya taa kidogo, kitambaa, kisha oili safi ikidondoshewa upande wa ndani wa cheni huku gurudumu likizungushwa polepole kwa mkono: kazi hiyo haizidi robo saa. Injini iwe imezimwa, maana kuna watu waliopoteza vidole kwa kupaka cheni oili huku gia imo. Ulegevu nao upimwe katikati ya cheni, upande wa chini, upate sentimita mbili hadi tatu, au kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Na hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Dereva anayebeba mikungu ya ndizi au abiria wawili huona cheni inagonga, akaikaza mpaka iwe kama waya wa gitaa. Kumbe mkono wa gurudumu la nyuma unapobonyea kwa mzigo, cheni yenyewe hujikaza zaidi. Cheni iliyokazwa mno pikipiki ikiwa tupu, pikipiki ikibebeshwa huvuta beringi za gia na za gurudumu, na siku nyingine hukatika katikati ya kilima.

Ukaguzi wa chujio la hewa nitaupitia haraka, ila una umuhimu wake huku juu. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa mjini huanza kumwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Chujio lililoziba kwa vumbi linazidisha tatizo hilohilo. Dalili utaiona kwenye plagi: ikiwa ya kahawia, injini inaunguza vizuri, ikiwa nyeusi ya masizi, inanyimwa hewa. Chujio la sponji huoshwa, likakamuliwa, likapakwa oili kidogo. La karatasi halioshwi, hubadilishwa. Na tope lililoganda katikati ya mapezi ya injini lichokolewe kwa kijiti, kwa kuwa injini hizi hupozwa na upepo tu, na kilima kinachopandwa kwa gia namba moja na mzigo mgongoni huleta moto mwingi na upepo kidogo.

Sasa twende kwenye vile vinavyoongezwa na vile vinavyopunguzwa, maana kupunguza nako ni kubadilisha chombo, na pengine ndiko kunakodhuru zaidi. Pikipiki nyingi za kazi nchini zinatoka India, mfano Boxer na TVS. Huko India, kanuni za magari za mwaka 1989 zinataka kila pikipiki iwe na kishikio cha abiria, mahali pake pa kuweka miguu, na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Bila shaka waliotunga kanuni hiyo walikuwa wakimfikiria mwanamke aliyevaa sari. Sisi tunaye mama aliyejifunga kitenge au khanga, amepakia upande mmoja, ana mtoto mgongoni na kikapu mkononi, anatoka sokoni Kiborloni kurudi kwake Uru. Hatari yake ni ileile. Ncha ya nguo ikiingia kwenye spoku au kati ya cheni na sproketi, gurudumu halimpi muda wa kuomba msaada. Linamvuta yeye au linajifunga lenyewe, na wote wawili wanakwenda chini. Hata hivyo, kile kichuma cha pembeni mwa gurudumu ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuvuliwa ili keria ya kuchomelea ikae vizuri, na kava la cheni hutupwa likianza kugonga, badala ya kunyooshwa na kukazwa bolti zake mbili. Anayetaka kuongeza kinga kwenye pikipiki yake aanze kwa kuvirudisha hivyo viwili. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kutengeneza kinga ya gurudumu kwa nondo nyembamba na bati, na bei yake haifiki ya bampa. Ekzosti nayo ifungwe bati la kuzuia joto mahali ndama ya mguu wa abiria inapogusa, kwani makovu ya moto kwenye miguu ya kulia ya kina mama na watoto wa shule tunayaona kila siku tukayazoea.

Bampa lenyewe linastahili kusemewa kwa haki, kwa sababu ndilo linaloaminiwa kuliko vyote. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza mahali zilipotokea, katika eneo la Los Angeles. Mpaka leo ni miongoni mwa tafiti zinazotajwa zaidi kuhusu ajali za pikipiki. Kuhusu bampa walikuta kwamba majeraha ya kifundo na unyayo yalipungua kidogo, lakini yale ya goti, muundi na paja yakaongezeka kiasi cha kufuta faida hiyo. Sababu si ngumu kuiona. Pikipiki ikigongwa na gari, mwili wa dereva huendelea mbele kwa mwendo uleule aliokuwa nao, na mguu uliopo nyuma ya chuma kigumu hukutana na chuma hicho kabla ya kukutana na kitu kingine. Bampa limelinda tangi la mafuta, injini na gia, halikulinda mfupa.

Lakini hiyo si hukumu kamili kwa mazingira yetu, na asemaye bampa halina maana kabisa naye anakosea. Barabara za ndani za Kirua, Mamba au Kibosho wakati wa mvua huangusha watu kwa mwendo wa kutembea. Chombo kinateleza, kinalala ubavu, na mguu unabaki chini ya kilo 110 za chuma cha moto. Katika anguko hilo bampa lililofungwa vizuri huacha nafasi ya mguu kutoka. Kwa hiyo mkulima anayepanda na kushuka njia za udongo ana sababu nzuri ya kulifunga, na anayekimbiza abiria kwenye lami kati ya Moshi na Himo asilihesabu kuwa kinga ya mwili wake. Likifungwa, lishikwe kwa bolti kwenye matundu ya kufungia injini. Lisichomelewe kwenye fremu, kwa sababu moto wa kuchomelea hudhoofisha bomba la fremu palepale linapobeba nguvu kubwa. Kama kuchomelea hakuepukiki, kitu kiondolewe kwanza kikachomelewe pembeni, au angalau waya za betri zing'olewe, la sivyo umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua vifaa vya umeme vya pikipiki. Upana wake usizidi usukani, ncha zake ziwe zimepinda kurudi ndani, na dereva asiligeuze mahali pa kunyooshea miguu, kwani mguu uliopo juu ya bampa hauko kwenye pedali ya breki.

Mtu makini aliyeisoma ripoti ya Hurt anaweza kunigeuzia kibao. Atasema ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba ubovu wa chombo ulisababisha ajali chini ya 3 katika kila 100, kwa hiyo haya mambo ya kukaza nati ninayoyapigia kelele yana uzito gani mbele ya uzembe wa madereva? Ni hoja nzito na inataka jibu. Kwanza, hizo chache zilizotokana na ubovu nyingi zilikuwa za tairi kuishiwa upepo ghafla, na tairi ni kitu ambacho ukaguzi wa asubuhi, kwa jicho na kwa kipimo cha upepo, unakigundua. Pili, hesabu ile ni ya mji wenye barabara nzuri na pikipiki za watu binafsi za matembezi. Haikupima chombo kinachobeba watu wawili au watatu mlimani siku sita kwa wiki, na ukikimbia kilomita 100 tu kwa siku umeshazidi 2,000 kwa mwezi. Tatu, na hili ndilo naliona kubwa zaidi, dereva mwenye tairi kipara aliyeteleza kwenye kona huandikwa kuwa alikwenda kasi, na mwenye breki iliyolegea aliyegonga huandikwa kuwa alichelewa kufunga breki. Ubovu hujificha ndani ya kosa la dereva. Ripoti yenyewe ilieleza kwamba walipofikia dakika ya hatari, madereva wengi walifunga breki ya nyuma mpaka gurudumu likaburuzika, na ya mbele wakaitumia kidogo mno. Dereva anayezirekebisha breki zake mwenyewe kila wiki anajua zinashika wapi na zinashika kiasi gani. Matunzo humfundisha mtu chombo chake, na ujuzi huo anao mkononi siku ya dharura.

Kuhusu taa, nitasema machache. Taa za ziada zenye mwanga mkali hupendwa, lakini pikipiki ndogo hutengeneza umeme wa kiasi kidogo, na waya zinazounganishwa kwa kusokotwa chini ya tangi la petroli, fyuzi ikiwa imerukwa kwa kipande cha waya, ni hatari kuliko giza lenyewe. Kinachosaidia kwa ushahidi ni taa ya kawaida kuwashwa mchana. Malaysia ilipoanza kampeni hiyo mwaka 1992, ajali zinazotokana na pikipiki kutoonekana zilipungua kwa asilimia 29. Taa ile haihitaji kununuliwa upya. Inahitaji balbu nzima na kioo kilichofutwa tope.

Kofia ngumu ndiyo kinga pekee ya kuvaa ambayo sina haja ya kuitetea kwa maneno mengi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuvaa kofia kunapunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hapa kwetu, madaktari wa hospitali ya KCMC wamekuwa wakiweka kumbukumbu za majeruhi wa kichwa kwa miaka mingi, na ajali za barabarani ndizo zinazowaleta wengi wao, vijana wa kiume wakiwa mbele. Ila kofia nayo ina matunzo yake. Kinachookoa ubongo ni lile povu gumu la ndani, ambalo hubonyea mara moja tu likamaliza kazi yake. Kofia iliyokwisha kupata ajali, au iliyong'olewa povu ili imwenee abiria mwenye nywele za kusuka, imebaki ganda. Na mkanda usiofungwa hauachi kofia kichwani hata sekunde moja ya ajali.

Wapo watakaosema kwamba kuwahimiza madereva wafungue pikipiki zao wenyewe ni kuwanyima mafundi riziki, au ni kualika makosa mabaya zaidi. Nadhani mpaka uko wazi. Upepo wa tairi, cheni, nati za breki, oili, plagi, chujio, balbu, spoku zilizolegea na nyaya zinazohitaji mafuta ni kazi ya dereva. Injini, beringi za gia, kunyoosha rimu, fremu iliyopinda na mfumo wa umeme ni kazi ya fundi, na hapo mtu asijaribu kwa bisibisi na kisu. Fundi mwenyewe hufaidika na mteja anayejua, kwa sababu anafika akiwa na maelezo ya tatizo, haji kusukuma chombo kilichokwama baada ya kupuuzwa miezi mitatu. Na mteja anayejua haibiwi. Hawezi kuuziwa brekishuu mpya wakati zake zina nusu ya unene.

Pingamizi lililobaki ni gumu kuliko yote, nalo ni la fedha na muda. Vijana wengi wa vijiweni hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wapo kwenye mkataba, wanapeleka hesabu kila siku kwa bosi mpaka muda waliokubaliana uishe chombo kiwe chao, au wanapeleka hesabu tu bila ahadi hiyo. Kwa yule wa pili, kila saa anayotumia kusugua cheni ni saa anayopoteza, na faida ya cheni inayodumu inakwenda kwa mwingine. Mwenye chombo naye yuko Majengo au Dar es Salaam, anaona fedha ikiingia kwenye simu na haoni tairi. Katika hali hiyo kumlaumu kijana peke yake ni dhuluma. Mkataba ndio unaopaswa kusema: oili na brekishuu zitoke wapi, na ni nusu siku gani ya wiki ambayo hesabu haidaiwi kwa sababu chombo kiko kwenye matunzo. Bosi anayekataa hilo ajue kwamba nusu siku asiyoitoa kila wiki ataitoa kwa mkupuo, chombo kikiwa gereji wiki nzima.

Wachagga wana mfano wao wa zamani wa kutunza kitu cha wengi. Mfongo unaoteremsha maji kutoka korongoni hadi kwenye vihamba haukutunzwa na fundi wa kukodi. Kila aliyekunywa maji yake alitoka na jembe siku ya kuuzibua, na aliyekwepa alinyimwa zamu. Kijiwe cha bodaboda kina kila kinachohitajika kufanya vivyo hivyo. Kina wanachama, kina mwenyekiti, kina mfuko wa rambirambi na wa wagonjwa. Mfuko huohuo unaweza kununua sanduku moja la spana kuanzia namba 8 hadi 24, spana ya plagi, pampu, kipimo cha upepo, grisi na dumu la mafuta ya taa, vikatumiwa kwa zamu. Mji huu ndio uliozaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933 na ndio wenye Chuo Kikuu cha Ushirika. Kununua spana kwa pamoja hakuwezi kuwashinda watu wake. Chuo cha ufundi cha VETA nacho kipo hapa Moshi. Kozi fupi ya jioni, ya matunzo tu, kwa lugha ya kijiweni na kwa pikipiki za wanafunzi wenyewe zikiwa mbele yao, ingewafaa madereva wengi kuliko cheti kirefu wasichokuwa na muda wa kukisomea.

Na ukaguzi uwe na majira yake. Februari, kabla ya masika, habu zote zifunguliwe na tairi zilizokwisha zitolewe. Kisha Novemba mwishoni, vuli zikielekea kuisha, kazi hiyo irudiwe, kwa sababu Desemba watu wa mlima hurudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na kwa wiki tatu pikipiki za Moshi, Himo, Mwika na Tarakea hukimbia usiku na mchana, na mabegi, na wageni waliosahau njia, na wazee waliopakiwa kwenda kanisani, wakipanda na kushuka miteremko ileile ambayo mwezi mmoja kabla ilikuwa tope.